Maji ya karavani yakigoma, usikimbilie kununua pampu: fuata njia ya maji kwanza

Msafiri wa Tela (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu, na nimeuandika hivyo kwa makusudi. Kila msimu wa safari ukianza, kilio cha sisi wenye karavani za kukokotwa ni kilekile: koki imefunguliwa, pampu inanguruma, maji hakuna. Au pampu yenyewe iko kimya. Ushauri wa kwanza mtu anaopewa ni "badilisha pampu". Siupendi ushauri huo kabisa, na nina sababu.

Safari moja tulikuwa tumeshalala, kimya kimetanda, nikasikia pampu "trrr", sekunde moja hivi, ikanyamaza. Kama dakika kumi baadaye, tena "trrr". Koki zote zimefungwa. Asubuhi fundi akaniambia swichi ya presha imechoka, weka pampu mpya. Nikaweka. Usiku uleule: trrr. Nikaamka, nikachukua tochi na tishu kavu, nikaanza kuzungusha tishu kwenye jointi moja baada ya nyingine, naibana kidogo kisha naitazama. Jointi ya nne, nyuma ya kabati la bafuni, tishu ikatoka na doa la unyevu lisilozidi ukucha wa kidole kidogo. Ubao wa chini ulikuwa umeshaanza kulainika. Nikachomoa paipu: imekatwa mshazari. Raba ya ndani ya jointi ilikuwa inaikaba upande mmoja, upande wa pili inaacha upenyo mwembamba. Nikaikata upya, mkato ulionyooka, nikaisukuma hadi mwisho. Pampu haikulia tena mpaka kulipokucha. Ile ya zamani niliyoitoa kama mbovu ninayo hadi leo kama akiba, na inafanya kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua pochi, fuata maji. Karavani si nyumba. Hakuna tangi juu ya paa linaloshusha maji kwa uzito wake. Maji yako chini, nje, ndani ya pipa la kuviringisha la lita 40 hivi, na kila tone linalofika kokini limesukumwa na umeme wa volti 12. Ndiyo maana tatizo la maji kwenye karavani linaweza kuwa la maji, la hewa au la umeme, na yote matatu yanaonekana sawa kwa mtu aliyesimama mbele ya sinki.

Kwanza jua una pampu gani, maana ziko aina mbili na tabia zake hazifanani.

Ya kwanza ni ya kuzamisha. Inaning'inia ndani ya pipa, ncha ya mpira wake inachomekwa kwenye tundu la ukutani, na tundu hilohilo ndilo linaloipa umeme. Ndani yake kuna gurudumu dogo la mapanga linalozunguka kwa kasi na kurusha maji. Pampu hii haijui kuvuta, inajua kusukuma tu. Hewa ikinasa kwenye mapanga inazunguka bure: utasikia sauti nyembamba, ya juu kuliko kawaida, na kokini hakuna kitu. Dawa yake haihitaji spana. Chomoa mpira ukutani, izamishe pampu yote, itikise na kuigongagonga taratibu kwenye ukuta wa pipa huku ukiinua na kushusha, mpaka viputo viache kupanda. Chomeka tena. Sehemu kubwa ya "pampu zilizokufa" hufufuka hapo hapo. Ila usiiache izunguke bila maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha.

Ya pili ni ya kiwambo, yaani utando wa mpira unaopanda na kushuka ndani yake. Hii imefungwa ndani ya karavani, chini ya kiti au kabatini, na inavuta maji kutoka pipani. Inalia kwa mtetemo, na huvumilia kukauka kwa muda mfupi. Adui yake ni hewa upande wa kuvuta. Hapa watu wengi hukosea: upande wa kuvuta, ufa mdogo hauvuji maji, unaingiza hewa. Huoni unyevu popote, pampu inafanya kazi, maji hayaji. Ukitaka kuhakikisha, chomoa mpira wa kuingizia, weka kipande kifupi cha mpira angavu kutoka kwenye ndoo moja kwa moja hadi kwenye pampu. Ikivuta maji ya ndoo vizuri, pampu ni nzima, tatizo ni mpira, klipu au raba kati ya pipa na pampu. Isipovuta, fungua kikombe cha chujio kilicho mdomoni mwa pampu. Chembe moja ya mchanga kwenye vijivalvu vya ndani inatosha kuigomesha. Na kifuniko cha kikombe hicho kikikaa vibaya, raba yake ndiyo inayoingiza hewa.

Baada ya hapo jiulize: nani anaiamuru pampu iwake? Kuna mifumo miwili. Kwenye wa kwanza, kila koki ina maikroswichi ndani yake. Ukiinua mkono wa koki, swichi inagusanisha waya mbili, pampu inawaka. Kwenye wa pili kuna swichi moja tu ya presha: koki ikifunguliwa presha inashuka, swichi inawasha, koki ikifungwa presha inapanda, swichi inakata. Kujua wako ni upi, mwaga maji ya mfumo, kisha funga koki zote, jaza pipa na uwashe pampu kwenye paneli. Ikianza yenyewe, ikanguruma mpaka mabomba yajae halafu ikanyamaza, ni swichi ya presha. Ikikaa kimya hadi ufungue koki, ni maikroswichi.

Ukishajua haya mawili, dalili zinaanza kusema zenyewe. Ile trrr yangu ya usiku ilikuwa na maana moja: presha inapungua mahali fulani huku koki zimefungwa. Mara nyingi ni jointi, mara nyingine ni koki inayodondosha, na mara chache ni pampu yenyewe inayorudisha maji nyuma kupitia vijivalvu vyake. Tishu kwanza, pampu mwisho. Kama pampu haizimi kabisa baada ya koki kufungwa, mara nyingi betri imeshuka na pampu haina nguvu ya kufika presha ya kuzimia, au skrubu ya swichi ya presha imekazwa kupita kiasi. Skrubu hiyo izungushwe robo ya mzunguko, ujaribu, kisha robo tena ikibidi. Aliyeizungusha mara tatu kwa mpigo hajui tena alikotoka.

Na kama kila unapofungua koki maji yanachelewa sekunde kadhaa, yanakuja yakitema hewa, halafu yanatulia, angalia valvu ya njia moja. Hiyo ndiyo inayozuia maji yaliyo kwenye paipu yasirudi pipani. Ikichoka au ikishikwa na uchafu, kila mara pampu inaanza kujaza upya.

Leteni matatizo yenu, tuyachambue hapa. Tajeni aina ya pampu na sauti inayotoa.

Kijana wa Safari

Mkuu, uzi umekuja wakati wake. Yangu ni ya kuzamisha. Koki ya bafuni inatoa maji vizuri, baridi na moto. Koki ya jikoni nikiifungua kimya, pampu haiguswi hata kidogo. Nilishaagiza pampu mpya, haijafika.

Msafiri wa Tela

Ndugu yangu, kama bado unaweza kusitisha hiyo oda, sitisha. Pampu inayofanya kazi kwa koki ya bafuni si mbovu. Betri, fyuzi, paneli na tundu la ukutani vyote umeshavipima bila kujua, kwa kufungua koki ya bafuni tu. Kimebaki kitu kimoja: maikroswichi ya koki ya jikoni au waya zake.

Jaribu hivi. Fungua koki ya bafuni kidogo ili pampu iwake, huku ya jikoni iko wazi. Maji yakitoka jikoni, njia ya maji ni safi na kosa ni la umeme. Kisha lala chini ya sinki, tafuta waya mbili nyembamba zinazotoka kwenye shina la koki. Zitenganishe na viungio vyake, uzigusanishe zile zinazokwenda kwenye pampu. Ni volti 12, hazitakurusha, ila ziweke mbali na chanya nyingine isije ikapiga shoti. Pampu ikiwaka, swichi ya ndani ya koki imekufa. Isipowaka, fuata waya nyuma, kuna mahali imeachia.

Swichi hizi huuawa na unyevu. Koki ikivuja kidogo kwenye shina, maji yanashuka ndani, shaba inageuka kijani, mguso unapotea. Baadhi ya koki zinakubali kubadilishiwa swichi peke yake, nyingine lazima ubadilishe koki nzima.

Fundi Nyaya

Naunga mkono, na niongeze upande wangu, maana umeme ndio unaosahauliwa.

Watu wanapima betri asubuhi, wanaona 12.6, wanasema umeme upo. Kipimo hicho hakisemi kitu kuhusu pampu. Pima kwenye waya za pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi. Chukua mfano: pampu inakula ampea 5, na kutoka betrini hadi kwenye tundu ni mita 5 za waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo ni mita 10. Ukinzani wake ni kama omu 0.175, na zidisha kwa ampea 5 unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Hiyo ni kwa waya mzima, jointi safi. Ongeza pini mbili zenye kutu kwenye tundu la nje, linalopigwa na mvua na vumbi la barabara, na unaweza kuikuta pampu inapata volti 10 tu. Itazunguka, itanguruma, lakini maji yatatoka kama ya birika.

Kwa hiyo mtu anayelalamika maji dhaifu, kabla ya yote asugue pini za tundu la ukutani na za plagi ya pampu mpaka zing'ae. Ni kazi ya dakika tano.

Jambo jingine nimelikuta zaidi ya mara moja: pampu ya kuzamisha iliyofungwa waya kinyume, chanya kwa hasi. Haizimi. Inazunguka upande usio wake na bado inasukuma maji, ila kwa unyonge. Mwenyewe anaamini kanunua pampu mbovu. Kama umebadilisha plagi hivi karibuni na maji yamepungua tangu siku hiyo, geuza waya kabla hujagusa kitu kingine.

Na fyuzi ikiungua mara mbili mfululizo, usiweke kubwa zaidi. Ama pampu imekwama na uchafu, ama kuna waya umechubuka. Fyuzi kubwa itahamisha moto kwenye waya uliofichwa nyuma ya ubao.

Mama Kambi

Asanteni kaka zangu. Mimi yangu imenitesa safari nzima. Hita inawaka, taa iko sawa, nimesubiri nusu saa na zaidi. Jikoni nikifungua upande wa moto yanatoka vuguvugu tu, kisha baridi. Bafuni hivyohivyo. Hita nimeipeleka kwa fundi, kasema nzima.

Msafiri wa Tela

Dada, pole, na nashukuru umeuleta. Nikuulize kwanza: kichwa cha shawa yako kina kitufe cha kusimamisha maji mkononi? Na ukimaliza kuoga unafunga koki za ukutani, au unabonyeza kitufe tu na kukitundika?

Mama Kambi

Kitufe kipo. Tunabonyeza hicho, ili tusipoteze kipimo cha moto na baridi kila mtu anapoingia.

Msafiri wa Tela

Basi ninaamini tumelipata. Koki za shawa zikibaki wazi, moto na baridi vinakutana ndani ya mchanganyiko wa shawa, yaani kile kifaa cha ukutani kinachochanganya maji. Kichwani pamefungwa, hivyo maji hayana pa kutokea, lakini njia kati ya paipu ya bluu na paipu nyekundu iko wazi. Ukifungua moto jikoni, pampu inasukuma maji kupitia njia rahisi zaidi: yanatoka kwenye paipu ya baridi, yanavuka pale shawani, yanaingia kwenye paipu ya moto na kukufikia jikoni bila kupita hitani. Hita imejaa maji ya moto yaliyotulia, wewe unanawa baridi.

Funga koki zote mbili za shawa, subiri hita ipate moto, jaribu tena jikoni. Kama bado, tatizo liko kwenye valvu ya njia moja inayoingiza maji kwenye hita.

Kwa kuwa tumegusa hita, haya myashike wote. Hita nyingi za karavani zinabeba lita 10 hadi 14. Baada ya kuijaza, fungua koki ya moto mpaka maji yatoke bila kutema hewa hata kidogo. Hapo ndipo uwashe. Elementi ya umeme ikiwashwa kwenye hita tupu inaungua haraka mno. Na mkiona matone chini ya karavani hita inapopata moto, msishtuke: maji yakipashwa yanapanuka. Lita 10 zikitoka nyuzi 10 hadi 60 zinaongezeka karibu mililita 170, na kwenye hita nyingi hicho kidogo hutokea kwenye valvu ya usalama. Yanayodondoka wakati wote, hata hita ikiwa baridi, ndiyo yanayohitaji kutazamwa.

Mama Kambi

Nimefunga koki za shawa. Dakika ishirini na tano baadaye nimelazimika kuondoa mkono kwenye maji ya jikoni kwa jinsi yalivyo moto. Na hita ile nilikuwa nimeshaifungua na kuipeleka hadi kwa fundi. Mungu akubariki kaka.

Mzee wa Gurudumu

Vijana, mmeeleza vizuri. Niseme kuhusu maji yenyewe, maana mnazungumzia mabomba na pampu na hamjauliza mnachokunywa.

Karavani iliyokaa miezi imeegeshwa, mabomba yake yana utelezi ndani. Ukifungua koki ya kwanza na ukasikia harufu ya udongo au ladha ya plastiki, usijaribu kuiondoa kwa kuacha maji yatiririke tu. Safisha. Mimi natumia jiki ya kawaida, isiyo na manukato, ya asilimia 5: mililita 1 kwa kila lita ya maji. Pipa la lita 40, mililita 40. Hita naizima, chujio la mkaa nalitoa kwanza kwa sababu linaimeza klorini yote. Nafungua kila koki, moto na baridi na shawa, mpaka harufu ya jiki itoke, nafunga, naacha saa nzima au zaidi. Kisha nasuuza kwa mapipa ya maji safi mpaka harufu iishe. Na siku hiyo usiguse siki. Siki ni nzuri kwa kuondoa magadi ndani ya hita, lakini ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na ndani ya karavani hewa ni ndogo. Jiki siku yake, siki siku yake, na kati yake suuza sawasawa.

Shawa ndiyo ninayoiogopa zaidi. Bakteria wa legionela hustawi katika maji yaliyosimama ya nyuzi 20 hadi 45, na humwingia mtu kwa kuvuta mvuke wenye vitone. Pashia hita hadi nyuzi 60 kabla ya kuoga mara ya kwanza baada ya kukaa muda mrefu, na uache shawa imwage kidogo huku umetoka bafuni.

Kijana wa Safari

Mzee wangu shikamoo. Na huku kwenye baridi kali, ukiegesha, inatosha kufungua ile koki ya kumwagia maji chini?

Mzee wa Gurudumu

Marahaba mwanangu. Haitoshi. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na hayachagui pa kupasua. Fungua koki ya kumwagia, kisha fungua koki zote. Hizi za mkono mmoja ziinue na uziweke katikati, si kushoto wala kulia, ili paipu zote mbili zipumue. Mpira wa shawa uteremshe, kichwa kikae chini sakafuni. Maji yaliyobaki kwenye mkunjo wa mpira ule ndiyo yanayopasua mchanganyiko. Valvu ya hita iachwe wazi. Toa chujio, toa pampu ya kuzamisha uikaushe. Kama ni ya kiwambo, iwashe kidogo bila maji iteme kilichobaki. Halafu acha koki wazi mpaka msimu ujao.

Baadhi ya hita zina valvu inayofunguka yenyewe ubaridi ukikaribia nyuzi 3. Nimeona watu wakijaza pipa asubuhi ya baridi, maji yote yanamwagikia chini, wanadhani hita imepasuka. Pasha karavani ndani kwanza, ndipo uifunge valvu hiyo.

Fundi Nyaya

Na wale wanaounganisha moja kwa moja na bomba la kambi badala ya pipa: msiunganishe bila kipunguza presha. Bomba la mtaani linaweza kuwa na bari 4 au 5. Pampu ya kuzamisha hata bari moja mara nyingi haifiki. Jointi na hita za karavani hazikutengenezewa kishindo hicho. Na mkitoka kwenda matembezini, fungeni bomba la nje.

Kijana wa Safari

Naleta mrejesho. Nimefanya kama mkuu alivyoelekeza. Nikafungua ya bafuni kidogo, jikoni maji yakatoka. Nikaingia chini ya sinki, nikagusanisha waya mbili, pampu ikawaka papo hapo. Nikachomoa swichi: miguu yake imekuwa kijani, mmoja umekatika nilipougusa kwa ncha ya bisibisi. Shina la koki juu yake lina unyevu.

Msafiri wa Tela

Safi sana. Sasa usiweke swichi mpya kabla ya kubadilisha raba ya hilo shina, la sivyo miezi michache utaikuta kijani tena. Ukimaliza, zungusha tishu kwenye shina na kwenye jointi mbili za chini yake, uiache imefungwa hapo usiku kucha. Asubuhi tuambie kama imetoka kavu.

Kijana wa Safari

Imetoka kavu, mkuu. Zote tatu. Na oda ya pampu nimeifuta.